HOMA ISIYOKUWA MALARIA
Namna kuvu hatari zinavyotambuliwa kwa wagonjwa wa hospitali

Baina ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliokuwa Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro, waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo kwa sababu ya homa. Wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu, waliandikiwa kuwa wana malaria. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, malaria ilithibitika kuwa ndiyo chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Wagonjwa 85 walikutwa na bakteria katika damu, 14 walikutwa na vimelea vya jamii ya kifua kikuu katika damu, na 25 walikutwa na kuvu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Wagonjwa 25 katika 870 ni karibu 3 katika kila 100. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini inakaribia kuwa mara mbili ya wale waliokuwa na malaria ya kweli. Madaktari wa wodini hawakuwa wazembe. Waliandika maradhi waliyoyazoea, kwa kuwa homa ya kuvu haina alama usoni, na aliyenayo hufanana na mgonjwa yeyote mwenye homa. Tofauti haijulikani mpaka mtu aulize, achukue sampuli, na maabara ijibu. Makala haya yanaeleza namna swali hilo linavyoulizwa, vipimo vinavyolijibu, na sehemu ya familia ya mgonjwa katika kazi hiyo.

KUVU ZINAZOUA NI ZIPI

Wananchi wengi wanapolisikia neno kuvu, au fangasi kama lilivyozoeleka, hufikiri juu ya choa, mba au ule utando mweupe katika kinywa cha mtoto mchanga. Hayo ni maradhi ya juu ya ngozi na utando wa mwili, na aghalabu hutibika kwa urahisi. Yanayozungumzwa hapa ni mengine: kuvu inayoingia ndani, katika damu, mapafu au ubongo.

Mtu mwenye afya huvuta chembe za kuvu kila siku pamoja na vumbi na hewa, na mwili wake huziua bila ya yeye kujua. Hatari huja pale ulinzi wa mwili unapodhoofika. Walio katika hatari kubwa ni watu wenye virusi vya UKIMWI ambao hawajaanza dawa au wameziacha, wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali, waliowahi kuugua kifua kikuu kilichoacha mashimo katika mapafu, watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, na wagonjwa waliolazwa muda mrefu wakiwa na mirija katika mishipa ya damu.

Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zinazohitaji kushughulikiwa kwa haraka. Orodha hiyo ina kuvu 19. Nne kati yake zimewekwa katika daraja la juu kabisa la hatari: kriptokokasi, aspajilasi fumigatasi, kandida albikansi na kandida auris. Kriptokokasi ndiyo inayowagusa zaidi watu wa Afrika Mashariki. Kuvu hii hutokana na udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, huingia kwa njia ya pumzi, na kwa mtu aliyedhoofika hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Kwa mujibu wa makadirio ya mwaka 2020 yaliyochapishwa mwaka 2022, kila mwaka watu wapatao 152,000 duniani wenye virusi vya UKIMWI hupata homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu hii, na wapatao 112,000 hufariki. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea Afrika, kusini ya Jangwa la Sahara.

SAFARI YA MGONJWA KUTOKA HANGA

Ili jambo hili lifahamike, msomaji na achukue mfano wa mkulima wa Hanga, upande wa Songea, Mkoa wa Ruvuma. Mfano huu si kisa cha mtu maalumu. Ni njia inayopitwa na wengi. Hanga ni mahali panapojulikana kwa abasia yake ya Wabenedikto na kwa mashamba, lakini ni mbali na maabara kubwa za nchi. Anayeishi huko huanza kutafuta tiba karibu na nyumbani, na hali ikizidi hupelekwa Songea mjini kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au Peramiho kwenye hospitali ya misheni.

Mkulima huyo anaumwa na kichwa. Siku ya kwanza anameza vidonge vya maumivu na kwenda shamba. Siku ya tano anakwenda zahanati, anapimwa malaria, hana, anapewa dawa ya homa na kurudi nyumbani. Siku ya kumi kichwa hakijapoa, na sasa mwanga wa jua unamuumiza macho. Siku ya kumi na mbili anatapika. Wiki ya tatu mkewe anaona kwamba mumewe anasahau majina ya watoto, na anapomwita hujibu mambo yasiyohusiana. Hapo jirani wa kwanza anasema amerogwa, wa pili anasema ni malaria imepanda kichwani, na wa tatu anasema apelekwe hospitali. Kila siku inayopita katika mashauriano hayo, kuvu huzidi kuongezeka katika maji yanayouzunguka ubongo.

Wakaazi wa Unguja na Pemba wasiuone mfano huu kuwa wa mbali. Mkaazi wa Kisiwa Panza au wa Tumbatu naye huanza safari yake kwa kupanda chombo, na huenda akaazima nauli kwanza. Tena katika visiwa vyetu malaria imepungua sana kulinganisha na zama zilizopita. Kwa hivyo homa au maumivu ya kichwa yasiyokwisha yana sababu kubwa zaidi ya kutafutiwa chanzo chengine. Kipimo cha malaria kinaposema hakuna, hapo uchunguzi ndipo unapoanza.

KIPIMO CHA TONE LA DAMU

Kwa miaka mingi kriptokokasi ilitafutwa kwa wino. Mtaalamu wa maabara huchukua tone la maji ya uti wa mgongo, hulichanganya na tone la wino mweusi, na kuliangalia kwa hadubini. Kuvu hii ina ganda nene ambalo wino hauwezi kulipenya, basi huonekana kama duara jeupe lenye kung'ara katika giza. Njia hii ni rahisi na ingali ikitumika, lakini ina upungufu. Katika kila wagonjwa 100 wenye maradhi, wino huwapita takriban 14, hasa wale ambao kuvu zao bado ni chache. Wale ndio hasa ambao wangeliponyeka kwa wepesi zaidi.

Tangu mwaka 2011 kumekuwapo kipimo chengine kilicho mfano wa kile cha mimba au cha haraka cha malaria. Ni utepe mdogo wa karatasi unaochovywa katika tone la damu au la maji ya uti wa mgongo. Utepe huo hautafuti kuvu yenyewe. Hutafuta vipande vya ganda lake, vinavyoitwa antijeni, ambavyo hubanduka na kuzunguka mwilini. Jibu hupatikana kwa dakika 10. Hakihitaji mashine, wala umeme, wala mtaalamu wa daraja la juu, na huwakosa wagonjwa wachache mno. Shirika la Afya Duniani lilikiingiza katika orodha yake ya kwanza ya vipimo vya lazima mwaka 2018.

Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hutangulia maradhi. Watafiti nchini Uganda walionyesha mwaka 2002 kwamba antijeni hiyo huonekana katika damu wastani wa siku 22 kabla ya dalili za homa ya uti wa mgongo. Maana yake ni kwamba yule mkulima wa Hanga, siku alipokuwa bado analima na hajaumwa na kitu, tone la damu yake lingeweza kutoa habari. Siku 22 zinatosha kutoka Hanga hadi Songea na kurudi mara nyingi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila mtu mzima au kijana mwenye virusi vya UKIMWI ambaye chembe zake za kinga, ziitwazo CD4, zimeshuka chini ya 100 apimwe antijeni hiyo hata kama hana dalili, na inapowezekana apimwe pia aliye chini ya 200. Akikutwa nayo huchunguzwa maji ya uti wa mgongo. Kuvu isipokuwamo humo, hupewa vidonge vya flukonazoli ili izuiwe kabla haijapanda.

Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili. Watafiti wa Dar es Salaam na wa Lusaka, Zambia, waliwafuatilia watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyengine walipimwa antijeni ya kriptokokasi, na kila wiki, kwa wiki nne za mwanzo, walitembelewa nyumbani na wahudumu wasiokuwa madaktari waliofunzwa kazi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walifariki 180, na katika kundi la pili 134. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na upungufu wa vifo ulikuwa asilimia 28. Hakukutumika mashine ya gharama kubwa. Kilichotumika ni utepe wa karatasi na mtu wa kubisha hodi.

MAJI YA UTI WA MGONGO NA KHOFU YAKE

Mgonjwa akishapata dalili, tone la damu peke yake halitoshi. Lazima daktari ayaone maji ya uti wa mgongo. Hapa ndipo uchunguzi mwingi hukwama, na aghalabu haukwamishwi na ukosefu wa vifaa. Hukwamishwa na neno la jamaa: "Fulani alichomwa sindano ya mgongo, hakufika asubuhi." Au: "Ukitolewa maji ya mgongo hutembei tena." Kwa maneno hayo familia hukataa, na daktari hulazimika kutibu kwa kubahatisha.

Khofu hiyo ina asili yake. Wengi wanaofanyiwa kipimo hiki huwa wameshafika hali mbaya, na baadhi yao hufariki. Watu huiona sindano, wakaona na kifo, wakaviunganisha. Lakini aliyeua ni maradhi, na mara nyingi yaliua kwa sababu sindano ilichelewa.

Kuhusu kupooza, umbile la mwili lenyewe linajibu. Uti wa fahamu, yaani ule mshipa mkuu unaopeleka hisia na nguvu miguuni, kwa mtu mzima huishia mgongoni juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, baina ya pingili za kiuno, mahali ambapo hakuna tena uti wa fahamu bali maji yenye nyuzi nyembamba za neva zinazoelea. Kuhusu kuishiwa na maji, mwili wa mtu mzima una takriban mililita 150 za maji hayo, na hutengeneza mapya yapatayo mililita 500 kila siku. Mililita 20 zikitolewa, hurejea kwa muda wa saa moja hivi.

Kabla ya kuchoma, daktari humchunguza mgonjwa. Akiwa na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au anavuja damu isiyoganda, au ana jipu mahali pa kuchoma, daktari husita na kutafakari njia nyengine. Asipokuwa na hayo, mgonjwa hulazwa ubavu, hukunja magoti hadi karibu na kifua, ngozi husafishwa na kutiwa dawa ya ganzi. Baadhi ya watu huumwa na kichwa kwa siku moja au mbili baadaye, na hiyo hupoa kwa kupumzika.

Jambo ambalo familia nyingi hazijaelezwa ni kwamba sindano hiyo pia ni tiba. Kriptokokasi huziba njia zinazotoa maji kichwani, maji yakajaa na kuukandamiza ubongo. Hapo ndipo yanapotoka yale maumivu makali, kutapika, kupoteza uwezo wa kuona na kuchanganyikiwa. Daktari hupima mkandamizo huo kwa mrija: ukipita sentimita 20 za maji si wa kawaida, na ukifika 25 unahitaji kupunguzwa. Maji yakitolewa, maumivu mara nyingi hupungua mgonjwa akiwa bado kitandani. Uchunguzi wa wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliorudiwa sindano hiyo kwa ajili ya kupunguza maji walikuwa na upungufu wa asilimia 69 wa hatari ya kufariki katika siku 11 za mwanzo, kulinganisha na wasiorudiwa.

Kwa hivyo daktari anapomwambia mke wa yule mkulima kwamba anataka kutoa maji ya mgongo, na akarudi tena kesho kutaka mara ya pili, mama huyo asidhani kwamba mumewe anafanyiwa majaribio. Ana haki ya kuuliza: "Daktari, mnatafuta nini, na jibu litatoka lini?" Na daktari ana wajibu wa kumjibu kwa Kiswahili kinachofahamika. Dakika tano za maelezo huweza kuondoa khofu iliyojengwa kwa miaka.

KWA NINI JIBU LITANGULIE DAWA

Baadhi ya watu huuliza kwa nini mgonjwa asipewe dawa zote kwa pamoja. Sababu ni kwamba katika maradhi haya mpangilio wa dawa wenyewe waweza kuokoa au kuua.

Mgonjwa anapogunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI, utaratibu wa kawaida ni kumwanzishia dawa upesi. Lakini akiwa na kuvu katika ubongo, kinga inayorejea kwa ghafla huishambulia kuvu kwa nguvu, ubongo ukavimba. Katika utafiti wa wagonjwa 177 wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014, walioanza dawa za UKIMWI ndani ya wiki moja au mbili walifariki asilimia 45 baada ya wiki 26. Waliosubiri kiasi cha wiki tano walifariki asilimia 30. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kusubiri wiki nne hadi sita. Asiyejua kwamba mgonjwa ana kuvu hawezi kujua kwamba inampasa kusubiri.

Tiba nayo imekuwa fupi zaidi. Utafiti uliofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wiki moja ya sindano za amfoterisini B pamoja na vidonge vya flusitosini iliwaacha hai zaidi ya robo tatu ya wagonjwa kwa wiki kumi. Utafiti mwengine wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi tano za Afrika zikiwemo Uganda na Malawi, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya aina mpya ya amfoterisini, ikifuatiwa na wiki mbili za vidonge vya flusitosini na flukonazoli, ilifanya kazi kwa kiwango kisichopungua kile cha sindano za wiki nzima, na madhara yake yalikuwa machache. Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hiyo mwaka huo huo. Dawa hizo ni kali na hazitolewi kwa kubahatisha. Anayezifungulia mlango ni yule aliyethibitisha maradhi.

KUVU NYENGINE ZINAZOJIFICHA

Kriptokokasi si pekee. Kandida huingia katika damu ya wagonjwa waliolazwa muda mrefu, hasa wenye mirija ya mishipani na waliotumia antibaiotiki nyingi. Mgonjwa huwa na homa isiyosikia dawa. Njia ya kuitambua ni kuotesha damu: damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vimelea, na maabara husubiri siku moja hadi tatu au zaidi ione kinachoota. Hata ikifanywa vyema, njia hii huwagundua takriban nusu tu ya walio na maradhi ndani ya mwili. Kwa hivyo damu itolewe ya kutosha, kabla ya dawa kubadilishwa, na jibu la "hakuna" lisifunge mjadala kwa mgonjwa ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya.

Aina ya kandida auris inataka uangalifu wa pekee. Ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009. Hudumu juu ya vitanda na vifaa, huhama kutoka mgonjwa mmoja hadi mwengine, na mara nyingi haisikii flukonazoli. Vipimo vya zamani vya maabara huipa jina la kuvu nyengine. Katika hospitali moja ya Nairobi, miongoni mwa wagonjwa 201 waliokutwa na kandida katika damu baina ya 2010 na 2016, asilimia 38 walikuwa na aina hiyo. Kunawa mikono na kusafisha vitanda ni kinga ya kweli dhidi yake.

Aspajilasi hukaa katika mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu ndani ya mapafu. Mtu amemaliza dawa, makohozi yake hayana tena vimelea, lakini miezi au miaka baadaye anaanza kukohoa tena, kukonda na kutema damu. Mara nyingi huanzishiwa upya dawa za kifua kikuu bila ya kipimo kuthibitisha. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maradhi haya huwapata zaidi wale ambao picha za mapafu yao zina mashimo. Utambuzi wake hutaka vitu viwili kwa pamoja: picha ya eksirei au ya skani, na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mwili umekuwa ukipambana na kuvu hiyo.

Histoplazma hupatikana katika udongo wenye kinyesi cha popo na cha ndege. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu huleta homa, kukonda, kikohozi na kuvimba tezi, na kwa hivyo hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Kuiotesha maabara huchukua wiki kadhaa, muda ambao mgonjwa mahututi hana. Kipimo cha antijeni katika mkojo hujibu haraka zaidi, na tangu mwaka 2019 kimo katika orodha ya vipimo vya lazima ya Shirika la Afya Duniani.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa watumishi wa afya, jambo la kwanza ni kuuliza. Maabara hutafuta kile ilichoombwa. Fomu iliyoandikwa "homa" tu huleta jibu la malaria tu. Fomu iliyoandikwa "kichwa kinauma wiki ya tatu, ana virusi vya UKIMWI, ameacha dawa" humwelekeza mtaalamu kwenye kuvu. Sampuli iandikwe jina, tarehe na saa, na ipelekwe siku hiyo hiyo. Ikumbukwe pia kwamba antijeni ya kriptokokasi hubakia katika damu muda mrefu hata baada ya tiba, hivyo kipimo hicho hakitumiki kupima kama mgonjwa amepona.

Kwa watumishi wa ghala, usafiri na uhasibu, kazi yao imo ndani ya utambuzi huu ingawa hawavai koti jeupe. Utepe wa kupimia uliokwisha muda wake hautoi jibu la kutegemewa. Gari au boti iliyochelewa hupoteza siku ambazo mgonjwa hanazo. Hati ya kuagizia vifaa iliyokaa mezani wiki mbili imekula zaidi ya nusu ya zile siku 22.

Kwa wananchi, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja wiki ya pili iwapo ana maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, anaona maluweluwe au viwili viwili, anatapika bila ya sababu, shingo imekaza, au anachanganyikiwa. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu naye akakohoa tena, aseme kwamba aliwahi kutibiwa. Anayetumia dawa za UKIMWI asiziache, na kama aliziacha amwambie daktari bila ya kuona haya, kwani jibu hilo moja hubadilisha uchunguzi wote. Daktari hapaswi kumkemea, na siri yake ni amana. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Masheha na viongozi wa dini wana nafasi yao pia. Neno lao husikilizwa pale familia inaposita baina ya sindano ya mgongo na kumrejesha mgonjwa nyumbani. Kutafuta tiba hakupingani na dua. Mtu huomba, na huku anachukua hatua.

Yule mkulima wa mfano anaweza kurudi Hanga akiwa anatembea kwa miguu yake na anayajua majina ya watoto wake. Anaweza pia asirudi. Baina ya mambo hayo mawili pana swali moja la mtumishi wa zahanati, utepe mmoja wa karatasi, na neno moja la ridhaa kutoka kwa mkewe. Hakuna hata kimoja katika vitatu hivyo kinachoshinda uwezo wa nchi hii.